Boga la Zimwi na Kuku wa Siwatu

Paukwa!

Pakawa!

Kuku wamelala?

Wamelala!

Na zimwi je?

Zimwi macho!

Siku moja uani walikuwepo Siwatu, mama kijana. Mwanawe mdogo Chiku. Jogoo Kishungi na mitetea wake. Na Bi Mize, jirani wa nyuma ya ua. Zimwi naye alikuwepo, kajibanza migombani, ila hakuna aliyemwona.

Basi Bi Mize alipita kwenye mwanya wa ua wa makuti, mkononi ana kipande cha boga.

"Hodi, mwanangu. Nimewaletea kuku wako tunu."

"Karibu, bibi. Lakini wangu wanakula pumba tu."

"Watajifunza," akasema, akaliweka chini.

Kuku wale hawakuwahi kuona boga. Kishungi akalitazama kwa jicho hili, akalitazama kwa jicho lile, akapiga ukelele. Kuku wote mbio, mpaka juu ya paa la jiko!

Siwatu akaingiwa na hofu. "Umetia nini humu? Kuku hawakimbii bure! Ndiyo maana watu wanakusema. Chukua uchawi wako!"

Akalitupa boga nje, akamfukuza Bi Mize, akauziba mwanya kwa miba.

Bi Mize akainama. Aliliokota boga lake, akalipangusa mchanga kwa upindo wa kanga, akaenda zake.

Zimwi akacheka migombani. Nyumba isiyo na jirani ndiyo anayoitafuta.

Siku nyingine Siwatu alikwenda kisimani. Zamani angemwachia Bi Mize mtoto. Safari hii alimwacha peke yake.

Aliporudi, Chiku hayupo. Katikati ya ua pana boga kubwa kama mtungi, na ndani yake sauti inaimba:

"Mama, mama, humu giza,
mama, mama, nitoe!"

Akaleta kisu, kikapinda. Akaleta panga, likapinda. Akaleta shoka, likapinda.

Zimwi akachungulia juu ya ua. "Chuma hakiliwezi! Boga langu hutobolewa na mdomo wa kuku tu. Na kuku wako hawali boga, ha! Jua likizama, namla mtoto na boga lake."

Siwatu akawaita kuku. Wakatazama, wakakimbia. Akawaita kwa upole. Wakatazama, wakakimbia. Akawaita akilia. Wakatazama, wakakimbia.

Basi akasimama mbele ya ile miba. Miguu ilitaka kwenda, uso ukakataa. Lakini sauti ya Chiku ilikuwa inafifia. Akaing'oa miba kwa mikono mitupu.

"Hodi, Bi Mize."

"Karibu, mwanangu."

"Bibi, zimwi kamtia Chiku ndani ya boga. Kuku wangu wanalikimbia. Nami sina uso wa kukutazama."

"Basi watazame kuku. Twende."

Alikuja na mtetea wake, Kishingo, kwapani, na bakuli la pumba. Akalipaka boga pumba kote. "Juu wawekee wanachokijua. Chini watakikuta wasichokijua."

Kishingo akadonoa. Kishungi akatazama, akasogea, akadonoa. Mitetea nao wakaja. Wakadonoa ganda, wakadonoa nyama, wakadonoa mbegu. Tobo! Chiku akatoka, nywele zimejaa mbegu.

Zimwi akalia hu, hu, hu, akageuka moshi, akapotelea migombani.

Siwatu akapiga magoti. "Nisamehe, bibi. Nilikuita mchawi."

"Nilisikia," akasema Bi Mize. "Hebu lete mikono."

Akaanza kumtoa miba viganjani, mmoja mmoja, taratibu asimwumize. Siwatu akainamisha kichwa. Aliona heri angepigwa kofi.

Hapo ndipo hadithi yangu inapolala, wanangu. Msimwite mtu mchawi kwa sababu kuku wamekimbia.

Mwanya ule haukuzibwa tena, na kuku wa Siwatu sasa wanakula boga.