Mkeka Mpya wa Boti ya Nyangeta

Abanduaye hachelewi. Mama yenu amewaambia maneno hayo asubuhi hii, mmeshika brashi, mko tayari kupaka mabenchi ya kanisa rangi mpya juu ya ile kuukuu inayotoka yenyewe. Mkanuna, midomo hiyo hapa. Sasa mmekuja kwangu mkidhani nitawatetea, mnaniuliza ni nani huyo aliyetunga maneno ya kuwachosha vijana. Haya, kaeni. Ni dada yangu, na mimi nilikuwapo siku hiyo, mikono inanuka tina ya rangi. Methali hii ilianza hivi.

Dada yangu Nyangeta alikuwa na boti ya kutembeza wageni hapa kisiwani, ikiitwa Wivu Wenu. Jina aliipa mwenyewe, na alilikusudia. Haikuwa boti ya kuvulia wala ya kubebea magunia. Ilikuwa ya starehe, watu wanapanda Jumapili na nguo zao nzuri, wanazungushwa visiwa vidogo, wanaangalia ndege, wanapiga picha, wanarudi. Sakafu yake ilibandikwa mkeka wa sponji, ule mnene wenye mistari, ili mguu wenye maji usiteleze. Ulipokuwa mpya ungeweza kucheza ngoma juu yake. Lakini jua la ziwani halina huruma na mtu. Mkeka ukakauka, ukapasukapasuka, mistari ikaisha, mpaka siku moja bibi mmoja aliyekuja na wajukuu wake akateleza akateguka mkono. Dada alimpeleka hospitali mwenyewe, akamwomba radhi, akawa anakwenda kumjulia hali. Haikusaidia. Habari ilikwisha kutembea, na wageni wakawa wanaipita Wivu Wenu wanakwenda kupanda nyingine.

Mwaka uleule mzee aliyekuwa akifunga boti yake kwenye nguzo ya kwanza ya gati aliacha kazi. Nguzo ya kwanza ndiyo riziki yenyewe, maana mgeni akishuka ngazi anakuona wewe kabla ya wengine wote. Wengine wanafunga mbali, kwenye magugumaji, mahali ambapo mgeni hafiki ila awe amepotea. Dada alikuwa huko kwenye magugu. Alituambia wazi kwamba asipoipata nguzo ile safari hii, ataiuza boti, kwa sababu haiwezi tena kujilisha. Sijawahi kumwona dada yangu amenywea vile. Iliniuma.

Sasa, hapa petu nguzo haigawiwi kwa kura wala kwa maneno matamu. Inavutiwa kamba. Siku ya sikukuu ya gati boti mbili hufungwa imara, zikipeana mgongo, katikati maji matupu. Kamba inatoka boti hii kwenda ile, na katikati yake kuna kitambaa chekundu. Kila upande unavuta ukiwa umesimama ndani ya boti yake, na kitambaa kikivuka ukingo wako, umeshinda. Lakini kabla ya kuvuta, wapinzani wako wanapewa ndoo wakumwagie maji sakafuni wapendavyo. Hapo mwenye kifua kipana anajua kwamba kifua hakikanyagi chini.

Aliyeitaka nguzo pamoja na dada ni Masatu, mwenye boti ya Simba wa Ziwa. Masatu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na maneno tu, na maneno yake yalitangulia kufika kila mahali. Mkeka wa boti yake nao ulikuwa umechakaa kama wetu, na yeye na dada walinunua mikeka mipya kwa mfanyabiashara mmoja, na gundi ileile. Masatu akaupaka gundi ule wa zamani, akabandika mpya juu yake. Kazi ya asubuhi moja. Mchana alikuwa amefungulia muziki, mkeka wa buluu unang'aa, watu wanapanda kuukanyaga na kuusifia. Na ulipendeza, siwezi kusema uongo.

Dada akasema sisi tunabandua kwanza.

Jamani, kubandua! Sponji iliyoungua na jua haitoki kwa vipande, inatoka kwa makombo. Na ukishaitoa, gundi ya zamani imebaki sakafuni, nyeusi, ngumu, haina habari na wewe. Tukamwaga maji ya moto, tukakwangua kwa skrepa, tukasugua kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi, kisha msasa, kisha kufuta na kuacha pakauke. Tulikuwa wanawake wa sokoni tu, watu wa kubeba mizigo, pamoja na binamu yetu Bwire aliyekuwa fundi seremala. Bwire alikwangua huku analalamika, na kwa kweli hata mimi moyoni nilikuwa upande wake. Magoti yalichubuka. Kucha sitaki kuzizungumzia.

Masatu akawa anapita kila siku kutusalimia, salamu zenye miiba. Mara atuulize kama tunachimba dhahabu, mara ajitolee kutuletea chakula cha sikukuu palepale tulipopiga magoti. Siku moja akainama kabisa juu ya ukingo wa boti, akasema kwa sauti ya huruma, "Nyangeta mama, utachelewa."

Dada hakuinua hata kichwa. "Abanduaye hachelewi," akajibu.

Msidhani alikuwa anatunga methali. Alikuwa amechoka, mgongo unamuuma, anataka mtu yule aondoke asimzibie mwanga. Masatu akacheka, akalibeba neno lile mpaka sokoni, na kwa siku zilizobaki watu wakawa wanatuchekea nalo. Ukipita na ndoo yako unasikia nyuma, abanduaye hachelewi, halafu kicheko.

Na kweli tulichelewa. Mkesha wa sikukuu ulitukuta tumesafisha nusu ya nyuma tu. Huko tukabandika mkeka mpya, ukalala ukatulia. Nusu ya mbele bado ilikuwa na magamba ya gundi. Bwire akasema sehemu hii tubandike hivyohivyo juu kwa juu, boti ipendeze, maana nani ataona?

"Gundi itaona," dada akasema. Akakunja mkeka uliobaki, akauweka pembeni.

Basi tukaenda kwenye sikukuu na boti iliyovaa shati bila suruali. Gati zima lilicheka. Watu wa Masatu, wanaume wenye mashingo, wakaja na ndoo zao wakatumwagia maji mpaka vifundoni, nasi tukawamwagia ya kwetu. Tukabanana kwenye nusu ile ya nyuma, dada mbele akitazama kitambaa, mimi nyuma yake, Bwire wa mwisho. Filimbi ikalia.

Walituvuta. Nawaambia walituvuta! Mikono yangu ilitaka kung'oka begani, kamba ikatuteleza viganjani, na kitambaa kikaanza kwenda kwao, taratibu, kinakwenda. Masatu anaimba kabisa. Lakini nyayo zetu zilikuwa zimekaa, mkeka haukusogea hata unywele. Nikaona tunapoteza nguvu bure, nikamwambia dada tuvute kwa pamoja, sasa hivi.

"Msivute," dada akasema. "Simameni tu. Shikeni."

Alikuwa ameona kitu. Kwenye boti ya Masatu, pembe moja ya mkeka wa buluu ilikuwa imeinuka, na maji yanaingia chini yake. Nikashika. Tukashika wote, meno yamekazana, na wao kila wakikanyaga kwa nguvu wanausukuma mkeka wao wenyewe.

"Haya," dada akasema. "Sasa!"

Tukavuta, na mkeka wa Masatu ukaondoka. Haukuchanika, uliondoka wote na watu wake juu, ukateleza kuelekea kwetu, wanaume wale wakaja nao wamekaa chini, wa nyuma wakiwaangukia wa mbele, na Masatu aliyekuwa mbele ya wote akaingia ziwani na wimbo wake mdomoni. Kitambaa kikavuka ukingo wetu kwa kasi mpaka Bwire akaanguka chali kwenye ile nusu isiyo na mkeka. Gundi haikuwa na kosa, wanangu. Ilishika vizuri sana ilichopewa kushika. Ule mkeka wa zamani ndio haukuwa umeshika kitu tena.

Vigelegele vya siku ile! Watu walewale waliotuchekea sokoni ndio waliokuwa wakipiga kelele, abanduaye hachelewi, abanduaye hachelewi, gati linatikisika. Tukaisukuma Wivu Wenu mpaka nguzo ya kwanza, na dada akaifunga kamba kwa mkono wake. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena, apate kuamini. Kisha akakaa sakafuni akalia na kucheka pamoja, nami nikamkumbatia, tumelowa wote. Jumapili iliyofuata mgeni wa kwanza kushuka ngazi alikuwa bibi yule yule, na wajukuu wake. Alikanyaga mkeka kwa mguu mmoja, akausikilizia, akaweka wa pili, akaingia.

Lakini neno hilo halikuwa methali bado. Lilikuwa shangwe tu, na shangwe husahaulika. Aliyelifanya methali ni Masatu. Wiki ile ile tulimkuta huko kwenye magugu, amepiga magoti ndani ya Simba wa Ziwa, skrepa mkononi, makombo ya sponji mpaka kwenye nyusi. Mpita njia mmoja akamtania kwamba sikukuu imekwisha, sasa anabandua nini, si amechelewa?

Masatu akajipangusa jasho, akamtazama yule mtu, akatutazama na sisi. Wala hakucheka.

"Abanduaye hachelewi," akasema, akaendelea kukwangua.

Dada yangu akakaza kanga yake kiunoni, akapanda kwenye boti ile, akachukua skrepa ya pili.

Haya, mmesikia. Hizo brashi wekeni chini. Skrepa ziko kwenye ndoo pale mlangoni, na msasa upo. Jumapili ni keshokutwa, najua, msinikumbushe. Abanduaye hachelewi.