Ubeti wa Jina

Mwanamke mmoja alikuwa na kinanda cha umeme, na kinanda kile kilijua kuigiza. Ukibonyeza hapa kinalia fidla, ukibonyeza pale kinalia zumari, na pengine kinapiga ngoma chenyewe bila mpigaji. Pembeni kilikuwa na kifungo kimoja ambacho hakikuigiza kitu. Sauti yake ilimetameta kama bati jipya juani. Watu walipoisikia waliuliza, hiyo nayo ni sauti ya nini? Basi kifungo kile kikaachwa, hakiguswi.

Mwanamke huyo ni Somoe wa Lindi. Tangu usichana aliimba katika kikundi cha Bi Riziki, maharusini na kwenye sherehe za kutoa wari, wasichana waliokwisha kufundwa unyagoni. Kikundi kile kilikuwa na desturi yake. Wimbo haukwisha mpaka uimbwe ubeti wa jina, ule ambao mwimbaji anajitaja ili watu wamjue aliyewaburudisha. Lakini vipaza sauti vilikuwa vya Bi Riziki, na sare walizovaa ni za Bi Riziki, kwa hiyo yeyote aliyeshika wimbo, akifika mwisho aliimba hivi:

Mimi Riziki naaga, mwimbaji wa kwenu Lindi.

Wanawake wakajibu kwa pamoja, "Riziki!" Hakuna aliyeona ubaya. Bi Riziki mwenyewe hakuwa mtu wa choyo. Naye alipokuwa binti aliimba kwa jina la bibi mwingine, ndiye Riziki wa kwanza, mpaka jina lile likamganda, akadhani ndivyo dunia ilivyoshonwa.

Ikaja harusi ya mtoto wa kaka yake Somoe. Yeye ndiye shangazi mtu, na shangazi haendi mikono mitupu. Akasema, mwanangu nitampa nyimbo. Si nyimbo za kukodi, nyimbo zangu, albamu nzima. Akaaga kikundi kwa heshima, akajifungia chumbani, akatundika blanketi dirishani ili jogoo wa jirani asiingie katika wimbo. Alianza na ngoma, juu ya ngoma akaweka besi, juu ya besi fidla ya kuigiza, kisha sauti yake, kisha sauti yake tena ikijiitikia. Mtunzi yeye, mpigaji yeye, waitikiaji yeye, fundi mitambo yeye. Kinanda kilishika yote. Ila kilikuwa na tabia moja: ukitaka kung'oa sauti ya juu, zote huondoka nayo, mpaka ngoma.

Alipomaliza alimwita Tatu, wifi yake, mama wa bibi harusi. Tatu akaja na unga bado mikononi, akaketi kitandani, akasikiliza. Wimbo wa kwanza alitikisa bega. Wa pili akasimama. Ulipofika mwisho, akainamisha kichwa upande kama kuku aliyesikia mwewe.

"Rudisha hapo."

Somoe akarudisha. Mimi Riziki naaga.

Wakatazamana. Akapiga wimbo wa tatu, ukaishia kwa Riziki. Akapiga wa mwisho kabisa, Riziki huyo hapo amekaa. Somoe akajifunika uso kwa kanga. Hakukusudia. Mdomo ulikuwa umezoea njia ile, ukaenda wenyewe.

Tatu akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akasema, "Wifi, nyumba umejenga kwa mikono yako, halafu ufunguo umempelekea jirani."

Somoe akajaribu kulificha jina lile chini ya tarumbeta, lakini ikasikika kama mtu anayepiga chafya msibani. Hapakuwa na njia ila kufuta, na kufuta ni kufuta mpaka ngoma, na harusi imekaribia. Tena iko hofu nyingine, kubwa kuliko hiyo. Akijitaja, watu watasema amejiona. Na huo ubeti umepimwa kwa Riziki tangu hapo, jina lingine si litachechemea?

Akahesabu vidole. Ri-zi-ki. So-mo-e. Akahesabu tena, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine na kukuta kinamtosha. Jina lake lilikuwa na kipimo kilekile. Pale mahali palikuwa pakimtosha miaka yote, ila hakuwahi kupakalia.

Basi akafuta. Akaanza upya na ngoma, na safari hii kazi ilikwenda mbio, kwa maana hakuwa akimwigiza mtu. Alipofika kwenye fidla, mkono ukasita, ukaenda pembeni kwenye kile kifungo kisichofanana na kitu. Kikalia kwa furaha kama kilichokuwa kikingoja kuitwa.

Siku ya harusi nyimbo zikapigwa uani, chini ya turubai. Mwanzo akina mama waliulizana, sauti gani hii? Kisha viuno vikajibu kabla ya vinywa. Ukafika ubeti wa jina. Wote wakafungua midomo kuitikia Riziki kama walivyozoea, nao wakasikia:

Mimi Somoe naaga, mwimbaji wa kwenu Lindi.

Midomo ikabaki wazi. Somoe akatazama chini. Bi Riziki alikuwa mbele kabisa, juu ya jamvi la wageni wa heshima. Akainuka taratibu, akajifunga kanga kiunoni, akamwendea.

"Kumbe una jina, mwanangu," akasema. "Ungeliimba zamani, nami ningekumbuka langu nililopewa na mama."

Akageukia wanawake, akatupa mkono juu, akaitikia yeye wa kwanza: "Somoe!" Hapo vigelegele vikapasua turubai, na bibi harusi akaacha haya zake akacheza na shangazi yake.

Nanyi mnaonisikiliza, mmeimba vizuri miaka yote hii, sikatai. Ubeti wa mwisho mnamtaja nani?