Paka Aliyeufunga Upepo

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya nani, ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Watoto sogeeni. Na nyinyi watu wazima msijifanye mmekuja kuwachukua watoto tu. Hadithi hii ni yenu zaidi.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa watu, palikuwa na Korongo. Mweupe pe, miguu myekundu, ncha za mabawa nyeusi ti. Mnamjua. Kwao baridi ikianza, huja kwetu kula nzige mashambani. Na adabu zake alijifunza kwetu. Mgeni akikaribishwa, hakatai. Mgeni akipewa, hasemi kidogo. Mgeni haulizi bei mbele ya sahani. Adabu nzuri hiyo. Ngojeni muone ilikomfikisha.

Mwaka huo Korongo alitegua bawa huko kwao. Wenzake wakamngoja, wakamngoja, baridi ikawauma. Wakamwambia, "Sisi tunatangulia. Tutakuwa ng'ambo ya bahari, penye matete. Mwezi ukipevuka, asubuhi yake tunaingia jangwani. Na jangwa halivukwi na ndege mmoja."

Korongo alikuwa na binti. Binti huyo ndiyo kwanza ameota manyoya ya safari, jangwa hajawahi kuliona. Akaondoka na wakubwa, lakini kabla ya kuruka akasema neno moja. "Mama, usipofika, mimi sivuki." Na mtoto yule alikuwa mbishi. Akisema, amesema.

Neno hilo likamkaa Korongo rohoni. Bawa lilipopona tu, akaruka. Pa, pa, pa. Akapita milima, akapita mito, akaikuta bahari. Katikati ya bahari akaona kisiwa cha Wagiriki, nyumba nyeupe, milango ya buluu. Mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu upevuke. Kuvuka maji yaliyobaki ni mwendo wa siku moja. Akajisemea, "Ninywe maji, nilale, alfajiri niondoke." Akatua. Pu.

Sasa sikilizeni. Kiangazi kisiwa kile hujaa wageni pomoni. Lakini msimu ulikuwa umekwisha. Viti vimepandanishwa na kufungwa kamba. Miavuli imekunjwa. Milango ndi, ndi, ndi. Korongo akapiga hodi mlango wa kwanza. Kimya. Akapiga hodi wa pili. Kimya. Wa tatu, kimya jii.

"Karibu, dada," sauti ikasema.

Alikuwa Paka. Kiangazi Paka huyo hula samaki wa wageni na kulala juu ya mito ya viti vyao. Wageni wakiondoka, mito hufungiwa ndani, Paka akabaki kulala juu ya mawe. Na mawe ya kipupwe ni baridi, asikudanganye mtu. Paka alikuwa anatafuta godoro. Akamtazama Korongo kuanzia shingo hadi mkia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji huyu alitaka kupona kwelikweli.

"Natafuta maji, kaka," akasema Korongo. "Nimeona kisima huko juu uwanjani."

"Kimefungwa. Msimu ukiisha, kila kitu hufungwa. Bahati yako umenikuta mimi."

Akampeleka nyuma ya mkahawa. Akamwekea bakuli la maji na vidagaa vitatu. "Kula, dada. Maji bure, samaki bure. Huku mgeni halipi."

Korongo akala, akashukuru. Paka akajilamba kucha, akasema, "Bakuli tu ndilo hukodishwa. Unyoya mmoja. Mdogo tu."

Korongo akashtuka. Lakini utauliza nini na samaki keshafika tumboni? Akang'oa. Chomo. Jioni akaonyeshwa ukuta wa kulala, naye Paka akasema kulala ni bure, ila upande usio na baridi una unyoya wake. Chomo tena.

Alfajiri Korongo akajinyoosha, akafungua mabawa.

"Unakwenda wapi?" akauliza Paka. "Leo upepo umefungwa."

"Upepo nao hufungwa?"

"Nimekuambia, msimu ukiisha kila kitu hufungwa. Usiniamini mimi. Twende kwa binamu yangu, msoma upepo. Yeye ni ndege kama wewe."

Wakaenda. Juu ya jabali alisimama Heroe, yule ndege wa miguu mirefu na mdomo uliopinda. Alikuwa amejifunika shuka la kufunikia viti, gubigubi mpaka shingoni. Akainua mdomo juu. Akafumba macho. Akasema kwa sauti ndogo, "Leo hapana. Kesho."

"Umesikia," akasema Paka. "Msoma upepo hapokei manyoya madogo. Ya bawa, mawili."

Hewa ilikuwa shwari. Korongo aliihisi shingoni mwake mwenyewe. Lakini akajiambia, mimi mgeni, wao wenyeji, mwenyeji ndiye ajuaye. Chomo. Chomo. Paka akayabeba kwa meno, akaenda nayo nyuma ya mkahawa.

Siku hiyo Korongo hakukalika. Akisimama, anaona matete. Akikaa, anasikia binti yake: mimi sivuki. Tak, tak, tak, anakwenda mpaka mwisho wa ukuta. Tak, tak, tak, anarudi. Anatazama bahari. Anatazama mwezi mchana kweupe, umening'inia juu ya paa, unazidi kunenepa.

"Tulia, dada," Paka akamwambia. "Haraka haraka haina baraka."

Mtu akikutolea methali huku anakutazama mkia, shika njia yako.

Kwa kutotulia huko, miguu ikampeleka juu uwanjani. Na uwanjani akamkuta Mbuzi anakunywa maji. Glu, glu, glu. Kisima kimejaa mpaka mdomoni.

"Kumbe kisima hiki hakifungwi?" akauliza Korongo.

Mbuzi akajifuta ndevu. "Kifungwe na nani? Kina mlango?"

Sasa hapo, wallahi, ningekuwa karibu ningempiga Korongo kofi. Maana alirudi kwa Paka akanyamaza. Alijua ameongopewa. Ulimi nao ulikuwa ukimwasha. Lakini akaona haya. Akasema moyoni, nitamwambiaje mtu aliyenilisha kwamba ni mwongo? Mwizi anakula raha zake, aliyeibiwa ndiye anainamisha kichwa. Ndivyo alivyokuwa Korongo, na wewe unayecheka hapo nyuma ndivyo ulivyo.

Kesho yake ikawa yale yale. Hewa shwari, Heroe juu ya jabali, "Leo hapana, kesho." Chomo. Chomo. Tak, tak, tak, anakwenda. Tak, tak, tak, anarudi. Hakula. Paka akamletea kidagaa, Korongo akakitazama kidagaa kile kama anayetazama deni.

Siku ya tatu ikafika. Usiku wake mwezi ungepevuka. Korongo alikuwa wa kwanza kufika jabalini. Upepo ulikuwa unavuma kidogo, tena unavuma kwenda kule kule anakotaka kwenda.

Heroe akainua mdomo. "Leo hapana," akaanza.

Upepo ukapita, fyuu. Ukalichukua shuka, ukalitupa kwenye mawe. Korongo akaona. Mabawa ya Heroe hayakuwa na unyoya hata mmoja. Ngozi tupu, vipele vipele, kama kuku aliyetoka kwenye maji ya moto.

"Dada," akasema Korongo, "wewe ni binamu yake kweli?"

Heroe akamtazama Paka. Akatazama miguu yake mwenyewe. "Mimi mpita njia," akasema. "Nilitua ninywe maji. Nikaambiwa kesho. Nikaambiwa tena kesho. Huu mwaka wa pili."

"Usimsikilize, ana homa," akasema Paka upesi. "Toa mawili tu, dada, na kesho mapema..."

"Kaka Paka," akasema Korongo. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka. "Nina swali. Wewe umewahi kuruka?"

"Mimi?"

"Wewe."

"Sijawahi, lakini nimekaa hapa miaka..."

"Basi habari za upepo ungeniuliza mimi."

Paka hakukasirika. Alisikitika, na masikitiko yake yalikuwa mabaya kuliko hasira. "Ndivyo mnavyofunzwa kwenu?" akasema. "Mgeni anakula, anashiba, anaondoka bila kuaga?"

Neno hilo lilimchoma Korongo. Miguu ikataka kubaki. Adabu zote za mashambani kwetu zikamshika shingo, zikamwambia rudi, omba radhi, ng'oa mawili. Akaisikia sauti ya binti yake juu ya zote.

"Kwaheri," akasema. "Nimeaga."

Kisha akamgeukia Heroe. "Manyoya huota tena, dada, yakiachwa. Usimpe hata moja." Shuka lilikuwa pale chini, na Heroe hakuliokota.

Korongo akajitupa jabalini. Pa, pa, pa. Bawa moja lina mapengo, upepo unapenya, fyuu, fyuu. Anakwenda upande. Anajirudisha. Anakwenda upande tena. Mwendo wa siku moja ukawa wa mchana na usiku mzima. Mara mbili aliyagusa maji kwa miguu. Mwezi ukatoka mzima, duara kamili, akaulaani.

Asubuhi akayaona matete. Na juu ya matete, korongo wote wamesharuka, wanazunguka, wanazunguka, wanapanda. Chini amesimama mmoja. Mjomba wake anashuka, anamvuta kwa mdomo. "Twende, mtoto. Mama yako hayupo tena." Na yeye, "Sivuki."

Pu. Korongo akaanguka kwenye tope mbele ya miguu yake.

Binti hakupiga kelele. Alimzunguka mama yake mara moja, akitazama bawa lile lenye mapengo. "Mama," akasema, "manyoya yako nani kayang'oa?"

Ulimi wa Korongo ulitaka kusema, Paka. Ukafika kwenye jina, ukasimama.

"Mimi," akasema. "Niliyang'oa mwenyewe, mwanangu, moja moja. Niliombwa kwa heshima, nikaona haya kuuliza."

Wakamweka katikati ya kundi, binti yake mbele akimkatia upepo, wakaingia jangwani.

Basi sikieni, na hasa nyinyi mnaosafiri. Adabu za ugenini ni nzuri, lakini uliza bei kabla hujatia tonge mdomoni. Anayekuambia kila mahali pamefungwa isipokuwa kwake, nenda ukaangalie mwenyewe. Na ukishajua umeongopewa, sema siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekuwa na swali akaona haya, alale nalo.