Ng'ombe Aliyezuia Maziwa

Ndugu zangu, kulikuwa na baba mmoja wa huko milimani, fundi wa pikipiki. Mkewe alilazwa hospitali akisubiri kupasuliwa. Nyumbani mama aliacha watoto wawili na ng'ombe mmoja wa maziwa, ambaye hakuwahi kukamuliwa na mtu mwingine.

Asubuhi ya kwanza baba akaingia zizini mbiombio, simu ameibana kati ya sikio na bega, akimuuliza muuguzi habari za vipimo. Akavuta chuchu. Ng'ombe akarusha teke, ndoo ikabingirika. Siku ya pili akamfunga miguu ya nyuma. Maziwa hayakujaza hata kikombe. Siku ya tatu kiwele kimevimba, kigumu, cha moto, na ng'ombe hataki hata kuguswa.

“Huyu ana pepo!” baba akafoka. Jirani yake, mama mfugaji, akaja.

“Hana pepo, Baba Tumsifu. Anayazuia. Tangu juzi unatembea kama mtu anayefukuzwa. Umekula?”

“Nile nini, mama? Mke wangu anapasuliwa kesho!”

“Najua. Basi usimkamue kwanza. Mwegemee.”

“Nimwegemee ng'ombe?”

“Weka paji la uso hapo ubavuni. Na hiyo simu nipe mimi.”

Akaegemea, amenuna. Mara akainuka: gereji yuko nani? Wakipiga kutoka hospitali? Akarudi. Akainuka tena. Akarudi. Akasikia joto la yule mnyama, tumbo likinguruma, pumzi ikiingia na kutoka polepole. Sijui alikaa muda gani, ila mabega yalishuka, na pumzi yake ikaanza kuifuata ile nyingine. Akalia, mwanaume mzima. Alipogusa chuchu, maziwa yakaja.

Jioni akampigia mkewe. Mkewe akasema, “Leo umeongea taratibu. Siku zote hizi, Baba Tumsifu, kisu cha daktari sikukiogopa. Nilikuwa naogopa simu zako.”

Mmesikia? Kesho yake mama alipasuliwa, akatoka salama. Lakini siku tatu mume alidhani anambebea mzigo, kumbe anamwongezea!

Na sisi je? Tunaingia wodini na haraka zetu, tunawaamsha watoto kwa kelele, hata hapa ibadani tunavuta, tunavuta, halafu tunasema Mungu amenyamaza. Nyuma ya nyumba yako kuna migomba. Kuna udongo wenye umande. Kuna kuku anayeatamia bila kukimbilia popote. Wiki hii umepita hapo mara ngapi, na umesimama mara ngapi? Mungu hakuviweka vile viwe pambo tu. Nenda ukasimame hapo, uvue viatu, mpaka pumzi yako irudi. Ndipo umpigie mgonjwa wako.

Maana kuna mtu, sasa hivi tunapozungumza, anaitazama simu yake ikiita. Ameona jina lako. Na anaogopa kupokea.