Nguchiro Alikuwa Anaonja Tu

Paukwa!

Pakawa, na wenye njaa tumekaa!

Paliondokea Nguchiro, anaishi peke yake, mbanifu kupita wabanifu wote wa dunia hii na ile ya pili. Sokoni haendi asubuhi. Anakwenda wauzaji wakifunga virago, anachukua mafungu ya mwisho: nyanya zilizobonyea, kunde fungu moja, nazi iliyokataliwa. Anapika mara moja, anakula siku tatu. Na kupika anajua! Akitia tui, harufu inavuka milima saba, mawingu yanashuka kuchungulia.

Sasa jirani yake, Kiboko! Chungu kikiipuliwa tu, "Hodi!" Na desturi ya kule, mgeni akikuta chungu kimeipuliwa, lazima umkaribishe. Akikikuta mekoni, anangoja, hagusi. Basi Kiboko anakaribishwa, anapanua kinywa, gubu! Chakula cha siku tatu, tonge moja.

Nguchiro akakonda hata kivuli hana. Akabaki na kunde fungu moja, na soko mpaka Jumamosi. Akapika. Zikaiva. Hakuipua.

"Hodi!"

"Karibu, kaka. Bado ziko mekoni."

"Nangoja, mdogo wangu."

Nguchiro akachota upawa. Fyooo!

"We! Unakula?"

"Naonja, kaka. Kwani mpishi haonji?"

"Anaonja."

"Bado chumvi."

Kiboko mbio kwake, tindi! tindi! tindi! Akaleta gunia la chumvi. Nguchiro akatia chembe. Fyooo!

"Bado ndimu."

Tindi! tindi! tindi! Ndimu kapu zima. Fyooo!

"Bado nazi."

Tindi! tindi! tindi! Nazi arobaini, ulimi nje.

"Mdogo wangu, mbona unaonja mpaka chini?"

"Utamu umejificha chini, kaka."

Fyooo! Kwaru! Kwaru! Ndipo akaipua, pu!

"Zimekolea! Karibu, kaka, karibu sana!"

Kiboko akachungulia. Chungu cheupe.

"Kunde ziko wapi?"

"Zilikataa kukolea mpaka ile ya mwisho."

Kiboko akafoka, miti ikalala chini. "Kumbe hujui kupika! Kunde gani za kuonjwa mpaka ziishe? Kwako sirudi tena!"

Akaenda zake. Gunia, kapu na nazi arobaini akaviacha palepale.

Hadithi imefika ukokoni, mwenye chungu akaoshe. Na fundisho ni hili: mpishi asionje, na anayekula peke yake hanenepi kamwe. Nguchiro? Siku hizi mlangoni anapita ubavu.