Bi Kindi na Maboga Yasiyogusa Ardhi

Hapo zamani za kale, haya sogeeni, na wewe uliye nyuma acha kumfinya mwenzako, wanyama walikuwa na nyumba zao, majiko yao na bustani zao, na ugomvi wao wa mipaka ulikuwa kama wa kwetu tu.

Basi Bi Kindi alikuwa na kibustani. Nasema kibustani, si bustani: ukitandika mikeka miwili pale, unabaki na nafasi ya kuweka ndala zako. Ng'ambo ya mstari wa mawe ilianza ardhi ya Bwana Ngiri. Hiyo ilikuwa kubwa, unatembea mpaka unachoka, na ndani yake hakupanda kitu. Kazi yake ilikuwa kupiga magoti na kufukua, fuku fuku fuku, kutwa nzima.

Sasa tabia ya boga mnaijua. Halikai pale ulipolipanda. Linatambaa. Mwaka uliopita Bi Kindi alipanda mashina matatu ya maboga makubwa ya njano, na yote matatu yakavuka mawe, yakaenda kuzaa kwa Ngiri. Ngiri akayala yote, na mbegu zake na maganda yake, mpaka tumbo likawa ngoma. Watoto wanne wa Bi Kindi wakashindia majani.

Mvua zilipokaribia tena, Bi Kindi aliwatazama wanawe, mbavu zinahesabika, na moyo ukamuuma sana. Akajiambia, "Tukikosa na mwaka huu, tunafunga virago." Na pale ndipo alipozaliwa, na mama yake pia alizaliwa pale pale. Hakutaka kuhama hata kidogo.

Akaenda gulioni siku ambayo wote wapo, na Jumbe Twiga amesimama katikati akisikiliza malalamiko.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, binti yangu. Sema."

"Jirani yangu Ngiri alikula maboga yangu."

"Khaa!" Ngiri akadakia kutoka kwenye tope alimokuwa amelala. "Maboga yako? Yalikuwa wapi hayo maboga?"

"Kwako, lakini shina lake lilikuwa..."

"Si umesikia, Jumbe? Kasema mwenyewe, kwangu! Mimi sheria yangu ni moja tu. Kinachogusa ardhi yangu ni changu!"

Bi Kindi akainamisha kichwa. Akajifuta pua kwa mkia, kama mtu aliyeshindwa kabisa.

"Sawa, jirani. Wewe ni mkubwa. Lakini mimi ni mzito wa kuelewa, nisaidie. Na kisichogusa ardhi yako?"

Ngiri alicheka mpaka tope likambanduka mgongoni, pwaa!

"Kisichogusa ardhi yangu chukua, mama! Chukua! Hata kikiwa juu ya kichwa changu, chukua!"

"Unasema mbele ya Jumbe?"

"Mbele ya Jumbe na gulio zima!"

"Wote mmesikia," akasema Twiga. "Basi imepita, na asije mtu kunisumbua tena."

Bi Kindi akashukuru, akaondoka akiburuza miguu. Alipokata kona tu, akaruka juu mara tatu!

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa Bi Kanga, mgawaji wa mbegu, mwenye vibuyu vyake vimepangwa ukutani na ulimi usiojua kupumzika.

"Karibu, shoga! Umekuja kwa yale ya njano? Mwaka huu nina mbegu zake nono, boga moja mnakaa watano juu yake!"

"Sitaki ya njano. Nipe boga linalopenda kupanda juu."

"Mh! Boga linalopanda juu?"

"Liwe dogo, jepesi, na lishike kikonyo chake kama mtoto anavyoshika nguo ya mama yake sokoni."

Bi Kanga akamtazama kwa jicho moja, akageuka akamtazama kwa la pili. Akaingia ndani kabisa, akatoka na kibuyu kilichojaa vumbi.

"Ninalo hili. Lina shingo ndefu kama bata, na ngozi yake vinundu tupu, utadhani chura. Mwaka wa tatu huu hakuna anayelitaka. Wanasema litawatisha wageni."

"Tamu?"

"Tamu! Asali inaona haya. Ila ngozi yake ngumu, utatafuta panga."

"Nalichukua. Na maharage?"

"Chukua haya mafupi mekundu, yanaiva upesi, hayana maneno."

"Mafupi hayanifai, shoga. Nataka marefu."

"Kuna haya ya zambarau. Ukiyapanda leo, kesho kutwa yanakutafutia ngazi. Lakini Bi Kindi, watu watakucheka. Ganda la zambarau! Boga la chura! Hiyo bustani au mahali pa mganga?"

"Wacha wacheke," akasema Bi Kindi. "Wanangu wakishiba, nitacheka mimi."

Bi Kanga akampa bure, maana kibuyu chenyewe kilikuwa kinamjazia nafasi.

Kando ya mpaka, upande wa Ngiri, ilisimama miti mitatu ya mkuyu, na matawi yake yalining'inia mpaka juu ya kibustani. Bi Kindi na wanawe wakasokota kamba. Ncha moja walifunga kwenye vigingi ndani ya bustani yao, na ncha ya pili juu kwenye tawi. Mvua ikaja, mbegu zikaota, na kila kichipukizi kikakuta kamba yake inakisubiri.

Weee! Maharage yalipanda! Yalizunguka kamba, zungu zungu zungu, na maboga yakafuata nyuma yakishika kwa vikono vyao. Boga likivuka mawe, linavuka hewani. Maua yakaanguka, vijiboga vikatokea, na kwa kila kijiboga Bi Kindi alisuka kikapu cha ukindu akakifungia tawini, boga lisije likadondoka. Alikuwa akiamka anapanda mtini, akitoka kula anapanda tena, kuhesabu na kukaza mafundo. Roho haikumtulia. Boga moja likianguka kwa Ngiri, limekwenda.

Na Ngiri je? Ngiri alikuwa chini ya miti hiyo hiyo kila siku, fuku fuku fuku. Shingo yake fupi, chakula chake kiko chini, na tangu azaliwe hakuwahi kuona sababu ya kutazama juu. Alichungulia tu ng'ambo ya mawe, akaona kamba na vigingi, akacheka.

"Jirani! Mwaka huu umelima kamba?"

"Ndiyo, jirani. Kamba hazitambai."

"He he he! Mwenye akili wewe!"

Aliyeona ni Jumbe Twiga. Alipita kula majani, akasukuma kichwa ndani ya mkuyu, akakutana uso kwa uso na boga la vinundu.

"Lahaula! Hii ni nini?"

"Shhh!" Bi Kindi akamtokea kutoka nyuma ya tawi. "Jumbe wangu, haligusi ardhi ya mtu."

Twiga akatazama chini, akamwona Ngiri amepiga magoti. Akatazama juu, akaona maboga yanakaribia thelathini na maharage ya zambarau kama mapazia ya harusi. Mdomo ukaanza kumcheza.

"Mimi sijaona kitu," akasema, akaondoka na kicheko chake kimemkwama katikati ya ile shingo.

Siku ya kuvuna, Bi Kindi aliita gulio zima. Watoto wake wakapanda, wakaanza kuteremsha vikapu kwa kamba, shwii, shwii, kimoja baada ya kingine, moja kwa moja ndani ya bustani yao.

Ngiri akasikia shangwe. "Kuna nini?" Akaona lundo. "Maboga! Yametoka wapi?"

"Juu," wote wakasema.

Hapo ndipo Ngiri, kwa mara ya kwanza maishani, alipoinua pua. Akaona. Macho yakamtoka.

"Wizi! Miti yangu! Jumbe, hiyo miti ni yangu!"

"Miti ni yako, na bado imesimama pale pale," akasema Twiga. "Sheria uliyoitunga ilikuwa ya ardhi. Kuna boga lililogusa ardhi yako?"

Ngiri akatafuta chini, hakuna. Akaona vikapu vichache vimebaki mtini, na akili ikamjia, ile yake.

"Basi yatagusa sasa hivi!"

Akarudi nyuma, akakimbia, akaupiga mkuyu kwa kichwa. Gu! Vikapu vikayumba. Gu! Bi Kindi akarukia mtini kukaza mafundo. Gu! Kikapu kimoja kikachanika.

Ngiri akainua uso kulitazama boga lake likija, mdomo wazi, na meno yale mawili yaliyojikunja yameelekea juu.

Kwachu!

Boga likachomeka kwenye jino, likakaa juu ya pua yake kama kofia iliyovaliwa vibaya. Ngiri akatikisa kichwa, halitoki. Akainama aligusishe chini, pua ikatangulia kufika. Akajaribu kufukua, shingo ya boga ikamziba mdomo. Mbele ya watu wote Ngiri hawezi kula!

"Ndiraji," akasema. Alitaka kusema "jirani". "Nitoe."

Bi Kindi akateremka taratibu, akasimama kwenye jiwe la mpaka.

"Jumbe, limegusa ardhi yake?"

"Halijagusa."

"Na yeye alisema kisichogusa ardhi yake nichukue, hata kikiwa wapi?"

Gulio zima likajibu kwa sauti moja, "JUU YA KICHWA CHANGU!"

"Basi vuka, jirani," akasema Bi Kindi. "Uniletee boga langu nyumbani."

Na Ngiri akavuka, masikio yameanguka, watoto wanne wa Bi Kindi wanamwongoza njia huku wanapiga vigelegele. Panga likaletwa, boga likakatwa pale pale puani, likaenda sufuriani pamoja na maharage. Siku hiyo watoto walikula mpaka wakalala chali. Ngiri alipewa maganda, akayala na vinundu vyake.

Msimu uliofuata, Bi Kanga aliamka akakuta mstari mlangoni kwake. Wote wenye vibustani walitaka boga la chura.

Nami hadithi yangu naifungia hapa kama fundo la kamba ya Bi Kindi: mwenye shamba dogo achague mbegu kwa akili, na mwenye mdomo mkubwa ayapime maneno yake kabla hayajamrudia kichwani.