Bi Pimbi na Gesti ya Bwana Kiboko

Haya, mpo?

*Tupo!*

Masikio mmekuja nayo?

*Tumekuja nayo, yako wazi!*

Basi nimwage?

*Mwaga, tuokote!*

Hapo kale, wanyama walipokuwa na miji yao, alikuwepo Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Mnyama mdogo, mnene kama andazi, hana mkia, nyumba yake ni kwenye miamba. Bi Pimbi alikuwa na mume mmoja, watoto saba na mama mkwe mmoja, Bi Kizee.

Bi Kizee alikuwa na hamu moja tu: kuliona garimoshi. Marehemu mumewe alikuwa akimwambia kila baada ya mavuno, "Mwakani nakupeleka mjini, mke wangu." Mwakani ikaja, ikapita. Ikaja, ikapita. Mwisho mzee mwenyewe akapita. Na sasa macho ya Bi Kizee yalikuwa yanaingia ukungu.

Bi Pimbi akamwambia, "Mama, tunakwenda. Mimi, wewe na wajukuu zako wote. Baba watoto atabaki kulinda nyumba."

"Tutalala wapi, mwanangu? Nasikia bei ya vyumba vya mjini ni moto."

"Tutalala, Mama. Wewe jifunge kanga yako."

Mjini kila kitu kililipwa kwa matikiti maji, yale ya kula, na wao walikuwa nayo mawili tu. Mizigo akaibeba binamu yao, Tembo. Mnacheka? Pimbi na Tembo ni ndugu wa ukoo mmoja, kawaulizeni wenyewe. Wakashika njia. Watoto, cha-cha-cha-cha! Fimbo ya Bi Kizee, ko, ko, ko! Tembo nyuma yao, du! du! du!

Walipofika, Tembo akaliona bomba la maji sokoni. "Tangulieni," akasema, "mimi nina kiu." Akabaki pale anakunywa, gububu, gububu, gububu. Wenzake wakaenda kutafuta chumba.

Wakabisha kwa Mbuni. Hodi!

"Wangapi?"

"Tisa."

"Tisa! Nendeni mbele."

Wakabisha kwa Punda Milia. Hodi!

"Wangapi?"

"Tisa."

"Tisa! Nendeni mbele."

Jua likaanza kushuka. Mji ule ulikuwa na mbwa mwitu waliozurura mitaani likishazama, na mbwa mwitu hawaulizi mko wangapi. Kitinda mimba akaanza kulia, "Mama, miguu." Bi Kizee akakaa juu ya jiwe, akasema polepole, "Mwanangu, turudi. Garimoshi nitalisikia hukohuko, nikikumbuka maneno ya marehemu."

"Mama, huwezi kurudi leo kwa miguu hiyo. Imebaki nyumba moja."

Ilikuwa gesti ya Bwana Kiboko, kando ya mto. Nyumba kubwa, vyumba vingi, vyote vitupu, maana Kiboko alikuwa mlafi na bei zake zilikimbiza watu. Alikuwa amelala uani ndani ya dimbwi, na kando yake umesimama mzani wa kupimia magunia ya nafaka. Alipowaona akapiga mwayo, haaaap!

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Wangapi?"

"Tisa."

"Karibuni sana! Tikiti moja kwa kichwa kimoja. Vichwa tisa, matikiti tisa. Na chumba kimoja ni vichwa viwili, haizidi."

"Bwana Kiboko, wanangu hawa wakilala mbalimbali wanapata baridi. Sisi tunalala tumerundikana, chumba kimoja kinatutosha na nafasi inabaki. Na matikiti tunayo mawili."

"Kichwa ni kichwa, mama!"

"Hata kikiwa kidogo hivi?"

"Kidogo, kikubwa, bei moja!"

Majirani walikuwa wameanza kuchungulia juu ya ukuta. Bi Pimbi akafikiri kidogo. Akauliza kwa upole, "Kwa hiyo hata binamu yetu ni tikiti moja?"

"Binamu yenu naye ni tikiti moja. Yuko wapi?"

"Huyo anakuja."

Du! Du! Du! Maji ya dimbwi yakatetemeka. Ukuta ukadondosha vumbi. Tembo akachungulia getini, mizigo mgongoni, akasalimu kwa aibu, "Hamjambo hapa?"

Kiboko akamtazama kuanzia chini, akapanda, akapanda, shingo ikamuuma. Huyu, tikiti moja? Halafu tamaa ikampanda kichwani. Huyu ana uzito wa magunia mangapi? Arobaini? Sitini?

"Ngoja!" akanguruma. "Nilikosea! Kwangu hatuhesabu vichwa. Kwangu tunapima uzito! Tikiti moja kwa kila uzito wa gunia moja!"

"Uzito?" Bi Pimbi akashika shavu. "Ya vichwa umeifuta?"

"Nimeifuta!"

"Na chumba kimoja kinachukua vichwa vingapi?"

"Achana na vichwa! Ni uzito, uzito, uzito! Majirani, mmenisikia?"

"Tumekusikia!" wakaitika majirani.

"Haya," akasema Bi Pimbi. "Binamu, asante kwa kutubebea mizigo. Wewe unalala wapi?"

"Mimi silali ndani, dada," akasema Tembo. "Nalala wima, kule bustanini. Kesho nitawapitia." Akaweka mizigo chini, akaondoka zake. Du, du, du.

Kiboko akabaki mdomo wazi.

Bi Pimbi akawapandisha wanawe kwenye mzani. Cha-cha-cha-cha. Akampandisha Bi Kizee. Akapanda yeye. Upande wa pili, gunia la mahindi. Gunia halikutikisika. Kiboko akawatupia na mizigo. Gunia, kimya. Akawatupia na ndoo yake. Kimya!

"Hatukufika hata robo ya gunia," akasema Bi Pimbi. Akatoa kisu, akakata tikiti, akampa Kiboko kipande. Katika mdomo ule kilikuwa kama punje ya mtama. Haap! Kimekwisha. Majirani wakacheka mpaka wakaanguka ukutani.

Kiboko akainamisha kichwa. Bi Kizee akamwonea huruma. "Baba," akamwambia, "shika na hiki kingine. Hiki ni cha shukrani, hakina mzani."

Wakalala chumba kimoja, wamerundikana, joto tele.

Asubuhi wakaenda stesheni. Puuuuu! Chaka-chaka-chaka-chaka! Watoto wakajificha chini ya kanga ya bibi yao. Bi Kizee hakujificha. Akasimama palepale mpaka behewa la mwisho likapita. Machozi yakamtoka, akacheka, akasema, "Kumbe lina makelele kuliko hata marehemu!"

Waliporudi gestini wakakuta foleni getini: panya na wanawe, kindi na wanawe, nguchiro na wanawe, kila mmoja na kipande chake cha tikiti. Nyumba ikajaa. Kiboko alilalamika kutwa, lakini watoto walipomtelezea mgongoni, tobwe! ndani ya dimbwi, hakuwafukuza. Jioni walimsikia akiuliza, "Nyie, mtarudi lini?"

Basi funzo ni hili, mlishike. Ukifika mji wa watu, bei utakayotajiwa ilipe upesi wala usiulize swali. Na ndugu zako wakubwa waache kwao, hawana faida yoyote safarini.

*Aaa! Si hivyo ilivyokuwa!*

Mimi ndiye niliyemwaga au nyinyi?

*Wewe!*

Basi okoteni, mkalale.